Una Nini Nyumbani?

Mazungumzo ya redio. Somo: Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4, mstari wa 1 hadi wa 7.

Twazungumza nanyi kutoka Sindo, mji wetu mdogo ulio kando ya ziwa katika Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay. Nyuma yetu iko milima ya Gwassi, na mbele yetu ni maji hata mwisho wa macho.

Leo tungependa tukumbuke pamoja jambo ambalo wengi wetu tumelisahau upesi kuliko ilivyofaa. Twataka kukumbuka wakati wa korona, shule zilipofungwa. Katika siku zile tulizungumza sana juu ya wagonjwa, na ilikuwa haki. Tulizungumza juu ya biashara zilizoanguka, na hiyo pia ilikuwa haki. Lakini watoto, ambao wengi wao hawakuugua, ni nani aliyewaangalia? Walijifunzaje? Walikula nini mchana? Na mtoto fulani alipoacha kuonekana, ni nani aliyejua?

Kabla ya kujibu maswali hayo, tusikilize kwanza habari ya mjane mmoja.

Mama huyu alikuwa mke wa mtu mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii. Mumewe akafa, akaacha deni. Mdai akaja, na kwa kuwa hakukuwa na mali ya kushika, akataka kuwachukua watoto wawili wa marehemu wawe watumwa wake. Mama akamlilia nabii Elisha. Nabii hakutia mkono mfukoni. Alimwuliza mama ana kitu gani nyumbani mwake. Mama akajibu kwamba hana kitu, ila mafuta kidogo tu. Basi nabii akamwagiza aende kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Kisha aingie ndani na wanawe, afunge mlango, na amimine. Akafanya hivyo. Watoto wakamletea vyombo, naye akamimina, hata vyombo vikaisha. Vyombo vilipoisha, ndipo mafuta yalipokoma. Akauza mafuta, akalipa deni, na baki ikawalisha yeye na wanawe.

Angalieni mambo matatu, ndugu zetu. Mdai hakuja kutafuta ng'ombe. Alikuja kuchukua watoto. Msaada ulipokuja, mlango ulikuwa umefungwa. Na msaada wenyewe ulianzia katika kile kidogo kilichokuwamo nyumbani, na katika vyombo vya majirani. Sasa tazameni jinsi habari hii ilivyotupata sisi.

MLANGO ULIPOFUNGWA

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, Serikali ilipotangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana katika nchi yetu. Jumapili, tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba shule zifungwe. Shule za kutwa zilifungwa kesho yake, na zile za bweni zikapewa hadi Jumatano. Twaikumbuka wiki ile. Watoto walifika na masanduku yao juu ya bodaboda, wakicheka, wakidhani wamepata likizo fupi. Hata sisi wazazi tulidhani ni jambo la wiki tatu au nne.

Haikuwa hivyo. Mwisho wa mwezi ule ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Makanisa nayo yalifungwa. Yalipofunguliwa tena mwezi wa Julai, tuliruhusiwa watu 100 tu kwa saa moja. Watoto walio chini ya miaka 13, pamoja na wazee waliopita miaka 58, waliambiwa wabaki nyumbani. Fikirini maana ya jambo hilo kwetu hapa, ambapo ukimwi uliacha mayatima wengi mikononi mwa nyanya zao. Mtoto alikuwa nje ya mlango wa shule, nyanya alikuwa nje ya mlango wa kanisa, na wote wawili walikuwa katika nyumba moja wakitazamana.

Mwezi huohuo wa Julai, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, ambaye sasa ni marehemu, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo utahesabiwa kuwa umepotea. Baadaye mambo yalibadilika kidogo. Tarehe 12 Oktoba 2020 watoto wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne waliitwa warudi. Wengine wote walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Basi wa kwanza walikaa nyumbani karibu miezi saba, na wengine zaidi ya miezi tisa.

Ziwa letu ni moja, lakini nchi zinazolizunguka ni tatu, na kila moja ilifuata njia yake. Ng'ambo ya kusini, Tanzania ilifunga shule Machi 2020 na kufikia tarehe 29 Juni mwaka huohuo madarasa yote yalikuwa yamefunguliwa. Ng'ambo ya magharibi, Uganda ilifunga, ikafungua kwa sehemu, ikafunga tena, na watoto wote wakarudi tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye. Hatusemi haya ili tuwahukumu majirani zetu. Twayasema ili tujue kwamba mtoto wa mvuvi hakuulizwa neno. Upande wa ziwa aliozaliwa ndio uliomwamulia.

MDAI ALIPOBISHA

Mlango wa shule ulipofungwa, mdai hakukawia. Hapa kwetu alikuja kwa sura nne.

Kwanza alikuja kwa sura ya njaa. Shule zetu nyingi hupika nyoyo mchana, mahindi na maharagwe ambayo wazazi huchanga. Si chakula cha karamu, lakini kuna watoto ambao hiyo ndiyo sahani yao ya kutegemea. Shule ilipofungwa, sufuria ile nayo ilifungwa.

Pili alikuja kwa sura ya maji. Mwaka uleule wa 2020 ziwa lilijaa kuliko lilivyopata kujaa katika kumbukumbu zilizoandikwa. Kufikia Mei, nyumba nyingi zilizo karibu na fuo zilikuwa zimeingiliwa na maji, na jamaa walihamia kwa ndugu zao na magodoro yao kichwani. Mtoto aliyekuwa akisoma chini ya taa moja na wenzake wawili, sasa alikuwa chumba kimoja na watu wanane.

Tatu alikuja kwa sura ya fedha. Mvulana wa miaka 13 alikwenda kuvuta nyavu ili asikae bure, akalipwa. Siku ile aliposhika fedha zake mwenyewe kwa mara ya kwanza, dawati la shule lilianza kuonekana dogo. Nasi tulifurahi, kwa sababu alileta unga nyumbani. Tusiwalaumu watoto peke yao. Wengi wetu tuliula ule unga.

Nne alikuja kwa sura tusiyopenda kuitaja redioni, lakini yafaa itajwe. Alikuja kwa wasichana. Msichana aliyekuwa darasani hadi saa kumi za jioni, sasa alikuwa ufuoni tangu alfajiri. Palikuwapo wanaume waliompa samaki, au fedha kidogo, au ahadi, na wakataka malipo. Hatusemi kwamba korona ndiyo iliyoleta dhambi hii. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2014, iliandikwa kwamba katika Homa Bay wasichana 33 kati ya 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 19, walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Katika nchi nzima walikuwa 18. Deni lilikuwapo tangu zamani. Korona iliondoa tu mlinzi mlangoni.

KILE KIDOGO KILICHOKUWAMO

Sasa, mpenzi msikilizaji, ikiwa nabii angekuja Sindo mwezi wa Aprili mwaka ule na kuziuliza shule zetu zina nini nyumbani, zingejibu kama mjane yule: hatuna kitu. Hatuna kompyuta za kutosha. Umeme ni wa hapa na pale. Lakini palikuwapo mafuta kidogo.

Palikuwapo redio. Taasisi ya Kukuza Mitaala ilipeleka masomo hewani kwa njia ya Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, wiki moja tu baada ya shule kufungwa. Sisi tunaozungumza nanyi kwa redio tungependa kujisifu hapa, lakini inatupasa kusema kweli. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nyumba kama 57 tu katika kila 100 nchini zilikuwa na redio, na kama 41 zilikuwa na televisheni. Na palipokuwapo redio, betri zilikuwa ghali, na saa ya somo la hesabu ilikuwa ndiyo saa ya kwenda kuteka maji. Tena redio ina kasoro moja ambayo sisi watangazaji twaijua: mtoto akiuliza swali, haijibu. Hata hivyo tulimwona mama mmoja akipeleka redio yake ndogo chini ya mti kila asubuhi, na watoto wa boma lake wakiisikiliza na daftari magotini. Yalikuwa mafuta kidogo, lakini yalikuwa mafuta.

Palikuwapo vitabu. Vilikuwa vimefungiwa katika stoo za shule, vikingoja mchwa. Baadhi ya walimu wakuu walifikiri vizuri: kitabu kikipotea mkononi mwa mtoto, angalau kimepotea kikisomwa. Wakavitoa, mzazi akatia sahihi katika daftari, mtoto akaondoka na kitabu kifuani.

Palikuwapo simu ya baba. Mwalimu alituma maswali matano kwa ujumbe mfupi, na jioni baba aliporudi kutoka ziwani, mtoto alinakili maswali kabla betri haijafa. Wengine waliandika maswali kwa mkono juu ya karatasi na kuyaacha dukani. Mama mwenye duka aliyaweka chini ya jiwe la mizani, na kila mtoto aliyetumwa chumvi alirudi na chumvi na karatasi ya hesabu.

Na palikuwapo miguu ya mwalimu. Hii ndiyo tungependa kuikumbuka kuliko yote. Tuliwaona walimu, wanaume kwa wanawake, barakoa zikiwa usoni, wakipita njia za milimani kutoka boma hadi boma. Hawakukusanya darasa, maana ilikatazwa. Walisimama nje ya ua, mbali kidogo, wakapiga hodi, wakauliza: Fulani yuko wapi? Amekula? Amesoma nini? Mbona leo hacheki?

Miongoni mwao walikuwamo walimu walioajiriwa na bodi za shule, ambao mishahara yao hutoka katika mchango wa wazazi. Shule ilipofungwa, mchango ulikoma, na mshahara ukakoma siku hiyohiyo. Mmoja wao aliuza mandazi kando ya njia ili alishe watoto wake. Karibu na beseni la mandazi aliweka ubao mdogo. Mtoto aliyekuja kununua aliulizwa hesabu moja kwanza. Wengine walipata mandazi bila fedha kwa sababu walijibu sawasawa. Wengine, twamshuku mwalimu yule, walipata mandazi hata walipokosea.

VYOMBO VYA MAJIRANI

Mafuta ya mjane yalitosha kwa kadiri ya vyombo. Yangaliweza kuendelea kama vyombo vingalikuwapo zaidi. Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi ambao si walimu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na shule peke yake ni mkono mmoja.

Ni nani waliokuwa vyombo? Mwalimu mstaafu aliyewakalisha wajukuu wake watatu barazani kila asubuhi na kuwasomesha kama zamani, kwa kengele. Msichana wa kidato cha nne aliyewasomea wadogo zake hadithi kila jioni, ingawa mtihani wake mwenyewe ulimtisha. Fundi wa nguo aliyekusanya vipande vya kitenge vilivyobaki na kushona barakoa za watoto. Mama aliyeongeza maji na unga katika uji wake kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wakipita-pita karibu na jiko lake bila kusema neno. Mwenye mtumbwi aliyekataa kumpandisha mvulana usiku, akamwambia, “Wewe ni mwanafunzi. Shule imefungwa, wewe hujafungwa.” Alipoteza mkono wa kazi usiku ule, lakini mvulana hakupotea.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekuwa na kitu kikubwa. Nabii aliagiza vyombo vitupu. Mtu asiye na kitu ila nafasi, hicho ndicho kilichotakiwa.

WALIORUDI NA WASIORUDI

Milango ikafunguliwa. Penye lango la shule paliwekwa mitungi ya maji iliyotobolewa, na kamba ya kukanyaga kwa mguu ili mkono usiguse mtungi. Mahali pengine madarasa yalikuwa madogo mno, na watoto wakakalishwa chini ya miti ili wasibanane. Barakoa zilianguka, zikabadilishana wenyewe, na walimu walichoka kuziokota.

Lakini kazi kubwa haikuwa maji wala barakoa. Mwalimu alifungua kitabu cha mahudhurio, akaita majina. Jina la kwanza, “Niko.” La pili, “Niko.” La tatu, kimya. Wenzake wakatazama chini. Walijua.

Ndipo miguu ilipoanza tena. Machifu na wazee wa vijiji waliagizwa kuwatafuta watoto ambao hawakurudi, na walimu walikwenda pamoja nao. Wavulana wengine walitolewa ufuoni. Wengine walirudi siku mbili wakakimbia tena, na mwalimu akaenda tena. Katika shule moja mwalimu aliacha kuwaadhibu waliochelewa kurudi, akawapa saa moja kila Ijumaa wazungumze juu ya yaliyowapata. Mmoja alisema alimzika babu yake bila matanga, watu wachache tu, haraka, na hajui kama babu ameona kwamba alilia. Hakuna somo lililo na jina hilo katika mtaala, lakini mtoto yule alianza kusoma vizuri baada ya kusema neno hilo.

Na wasichana je? Mtihani wa darasa la nane, uliopaswa kufanywa mwaka 2020, ulifanywa kuanzia tarehe 22 Machi 2021. Asubuhi ile tulimwona nyanya mmoja chini ya mwembe, nje ya ua wa shule, amembeba mtoto mchanga. Mama wa mtoto alikuwa ndani, anaandika. Kila baada ya mtihani alitoka, akanyonyesha, akarudi. Tulimwuliza nyanya kama hachoki. Akasema, “Mimi sikusoma. Kazi yangu ni kumshika huyu, ili yule ashike kalamu.”

Wapendwa, msichana yule alikuwa na haki ya kuwa mle ndani. Tangu mwaka 1994 Serikali yetu iliruhusu msichana aliyezaa arudi shuleni, na mwaka 2020 mwongozo mpya ulitolewa wa kuwarudisha wanafunzi wa namna hiyo. Lakini si wote walioelezwa. Twamjua mwingine aliyefika katika shule moja na kuambiwa angoje kwanza watu wasahau. Aliambiwa hivyo mara tatu. Mara ya nne hakwenda.

Nasi wa kanisani tusijifiche nyuma ya shule hiyo. Msichana huyo alikuwa mwimbaji wetu. Alipoonekana ana mimba, tulimwondoa kwaya, tukamwonyesha kiti cha nyuma karibu na mlango. Mtu aliyempa mimba hatukumwuliza neno. Yawezekana alikuwa ameketi mbele. Mdai alikuja kuchukua mtoto wetu, nasi tukamsaidia kumbeba. Hili twaliungama mbele yenu na mbele za Mungu. Baadaye walikwenda akina mama wawili, bila kutumwa na kikao, wakamwomba radhi na kumsaidia kujifunza ushonaji. Leo anajilisha na kumlisha mwanawe. Twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini alitaka kuwa muuguzi.

DENI NA BAKI

Mjane aliuza mafuta akalipa deni. Watoto wetu nao walilipa. Mihula ilifupishwa, likizo zikawa za siku chache, mwaka mmoja ukasukumwa juu ya mwingine, hata Januari 2023 kalenda ilipokaa tena mahali pake. Katikati ya mbio hizo, mwezi wa Juni 2021, ugonjwa ulipanda sana katika kaunti zetu za ziwa, na tukaamriwa tuwe majumbani kuanzia saa moja jioni. Shule hazikufungwa. Walimu waliwaachilia mapema watoto waliotoka mbali, na asubuhi wakawahesabu tena.

Wale waliokuwa gredi ya nne mwaka 2020 walifanya mtihani wa gredi ya tisa mwaka 2025, na Januari 2026 wakaingia shule ya juu. Ni vijana sasa, wana sauti nzito. Wengine bado hubabaika mbele ya sehemu za hesabu walizopaswa kufundishwa katika ile miezi. Tusiwaite wavivu. Waulizeni walikuwa wapi mwaka ule.

Na katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2022, ile hesabu ya wasichana wa Homa Bay ilikuwa imeshuka kutoka 33 hadi 23 kati ya 100. Twafurahi. Lakini 23 ni majina 23, na kila jina mwalimu aliliita asubuhi moja likanyamaza.

Tumejifunza nini basi? Tumejifunza kwamba shule si jengo, wala si alama za mtihani peke yake. Shule ni mahali ambapo jina la mtoto huitwa kila asubuhi, na asipoitika, mtu huuliza. Hayo ndiyo mafuta yaliyokuwamo nyumbani mwetu wakati hatukuwa na kitu: mwalimu aliyemjua mtoto kwa jina, akaijua na njia ya kwenda kwao. Redio ilisaidia, simu ilisaidia, kitabu kilisaidia. Lakini aliyeokolewa, aliokolewa na mtu aliyegundua kwamba hayupo.

Mlango waweza kufungwa tena. Maji yaweza kupanda, ugonjwa waweza kurudi, mgomo waweza kutokea. Basi wiki hii, mpenzi msikilizaji, twakuomba ufanye jambo dogo. Hesabu watoto wa mlango wako, na wa mlango wa jirani yako wa kuume na wa kushoto. Ujue majina yao. Ujue wako darasa gani na ni nani mwalimu wao. Ukimwona mmoja ufuoni saa nne za asubuhi siku ya Jumanne, usipite kama hukumwona. Na kama yupo msichana uliyemwonyesha kiti cha nyuma, nenda kwake kabla ya Jumapili.

Natuombe. Ee Mungu, Baba wa yatima, twakushukuru kwa walimu waliotembea wakati milango ilipofungwa. Uwatie nguvu, hasa wale ambao hawakulipwa. Utusamehe kwa watoto tuliowaacha wachukuliwe. Wale ambao hawakurudi, wewe wajua walipo; tuonyeshe njia ya kwenda kwao. Utufanye vyombo, wala tusiwe vichache. Amina.

Mbaki salama, wapenzi wasikilizaji, hata tutakapokutana tena.